Pantoni mbili zinazofanana: jinsi ya kuchagua moja usijute ifikapo Julai

Kila mwaka barafu ikishayeyuka kwenye maziwa ya Minnesota, simu yangu huanza kuita. Anayepiga ni Mswahili mwenzangu, na mara nyingi ameshanunua. Haulizi tena achukue ipi. Anauliza mbona boti inachota maji mbele watu wakijaa, au mbona upepo unamzungusha mithili ya pia akitaka kuvua.

Wote wamekosea mahali pamoja. Walisimama kwenye zulia, wakakaa kwenye makochi, wakapenda. Boti ya pantoni haichaguliwi hivyo. Inachaguliwa kuanzia chini kwenda juu, na makochi huja karibu na mwisho.

Kwa aliyetoka Dar es Salaam jana: pantoni hapa si kile kivuko cha Kigamboni. Ni jukwaa la kifamilia lililokaa juu ya mapipa mawili au matatu ya alumini, lenye uzio, viti, turubai la kivuli na mashine nyuma.

Mwongozo huu nimeupitia wote na shemeji yangu, aliyekuwa na boti mbili mbele yake. Zote za futi 22, zote mapipa mawili, zote zimetumika misimu michache, bei zikipishana kidogo sana. Nitaziita Bluu na Kijivu. Bluu ilikuwa na mashine ya nguvu za farasi 115 na makochi ya kupendeza. Kijivu ilikuwa na farasi 90 na viti vinne vya kuvulia vilivyopauka jua. Mke wake, yaani dada yangu, alishaichagua Bluu kwenye picha.

## Vitu vya kubeba

- Futi ya kupimia, ya futi 25
- Tochi, na kadibodi au mkeka wa kulalia chini ya boti
- Bisibisi: mpini wake utagongea, ncha yake itafungulia
- Ndoo za galoni 5 zenye vifuniko, nne au zaidi
- Kalamu, karatasi na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde
- Kitabu cha gari litakalovuta
- Jaketi okozi kwa kila atakayepanda siku ya majaribio
- Mtu wa pili asiye na haraka ya kununua

Huyo wa mwisho usimwache. Wewe umeshapenda, yeye bado.

## Hatua ya 1: Andika watu wa Jumamosi ya kawaida

Usiandike watu wa sikukuu. Andika wanaokuja kweli, mara nane au kumi kwa msimu. Shemeji alitaja kumi na wawili. Dada akacheka, wakabaki tisa: wakubwa sita, watoto watatu.

Kisha piga hesabu ya uzito. Wakubwa sita kwa wastani wa pauni 185 ni 1,110. Watoto watatu kwa pauni 70 ni 210. Sanduku la barafu na vinywaji, nanga, betri, sufuria ya pilau, fimbo za kuvulia na jaketi tukaziweka pauni 260. Jumla ni 1,580, kabla hujagusa boti yenyewe.

Tafuta kibao cha uwezo, ambacho kwa kawaida huwa karibu na usukani. Kinataja idadi ya watu, uzito wa juu na nguvu ya juu ya mashine. Wanunuzi husoma idadi ya watu tu. Soma uzito. Kibao kinaweza kuruhusu watu kumi na mmoja, lakini watu wako tisa na barafu yao wakawa wameshakula nafasi yote.

Uzito wako haukai chini ya ule wa kibao? Usiendelee na boti hiyo, hata ikishushwa bei.

## Hatua ya 2: Lala chini, usome mapipa

Hapa ndipo boti mbili "zinazofanana" huachana. Hatua hii ipe saa nzima.

Pima urefu wa pipa lenyewe. "22" iliyoandikwa ubavuni ni jina la modeli. Jukwaa laweza kuwa na urefu mmoja, mapipa mwingine. Anza kwenye ncha ya pua hadi mwisho wa tezi, yaani nyuma ya boti, andika.

Pima kipenyo. Zungusha futi pipani, upate mzingo, ugawe kwa 3.14. Bluu ilitoa inchi 23. Kijivu ilitoa 25. Shemeji alinitazama kama ninayemchosha kwa inchi mbili.

Hesabu ni hii. Pipa la inchi 23 lenye urefu wa futi 20, likizamishwa lote, linabeba karibu pauni 3,600. Mawili ni 7,200. La inchi 25 linabeba karibu pauni 4,250, mawili 8,500. Inchi mbili zimeongeza asilimia 18, kwa sababu ujazo unakua kwa mraba wa kipenyo. (Ni hesabu ya darasani: pua iliyochongoka hupunguza kidogo kote kuwili.)

Sasa weka mzigo. Boti pauni 2,200, mashine 360, petroli galoni 25 karibu 150, watu na vitu 1,580: jumla 4,290. Mapipa ya Bluu yanazama karibu asilimia 60. Ya Kijivu yanazama nusu na chembe. Mimi hupenda boti yenye mzigo wake wote izame nusu, si zaidi sana. Nusu ya juu ndiyo akiba yako wimbi likija, na siku watu wote watakapokimbilia omo, yaani mbele, kumtazama samaki mmoja.

Akiba hiyo ndiyo niliyoikosa kwenye boti yangu ya kwanza. Tulikuwa Mille Lacs, ziwa kubwa lakini kina chake kifupi, upepo ukianza linachemka upesi. Watoto na mama yao wamekaa mbele, mimi nikapunguza mwendo ghafla ili nikate wimbi la boti nyingine. Pua ikashuka, wimbi likapita chini ya geti la mbele na kutembea juu ya zulia hadi miguuni kwangu. Hakuna aliyeumia. Viatu viwili vilielea nyuma yetu na pilau ikawa mchuzi. Boti haikuwa na kosa, mimi nilinunua mapipa madogo kwa mzigo mkubwa.

Kagua alumini. Unene wa bati hutofautiana: utakuta 0.080 ya inchi, 0.090, 0.100, na nyingine 0.125. Boti haiandikwi unene wake, kwa hiyo tafuta karatasi ya modeli ile kwa mwaka ule. Kama ufukwe wako una mawe, bati nene lina thamani kuliko redio.

Pitisha kiganja chini ya pipa, kwenye mkuku, tangu omo hadi tezi. Mbonyeo laini usiofika kwenye mshono wa kuchomelea ni wa kuvumilika. Mbonyeo wenye kona kali, au uliokaa juu ya mshono, uogope.

Vishimo vidogo vyenye unga mweupe ni kutu ya alumini. Vikiwa vingi kuzunguka mstari wa maji, uliza boti ilikaa gati gani na kama gati lile lina umeme. Ukiona mapipa yamepakwa rangi ya kuzuia viumbe vya majini, uliza ni rangi gani. Yenye shaba, ikigusa alumini ndani ya maji, huila.

Sikiliza maji. Gonga pipa kwa mpini wa bisibisi, polepole, tezi hadi omo. Ndani limegawanyika vyumba, ili kimoja kikitoboka vingine vibebe. Sauti ikibadilika kutoka mlio wa debe tupu kuwa bubu, weka alama. Kama pipa lina skrubu ya kutolea maji, inua omo ya trela, ifungue, usubiri. Tone la jasho si kitu. Mkondo ni tundu, na boti hiyo iache kwa mwenyewe.

Ufanisi wa hatua hii: una namba nne kwa kila boti (urefu, kipenyo, unene, idadi ya mapipa) na picha za kila jeraha. Kama huna, hujalala chini vya kutosha.

### Na mapipa matatu je?

Pipa la tatu huongeza ubebaji kwa nusu nzima. Boti hulala vizuri kwenye kona na hupita wimbi bila kudundadunda. Kwenye ziwa kama Minnetonka, ambako Jumapili boti zimejaa na mawimbi yao yanagongana, utaona tofauti.

Lakini huongeza uzito wa kuvuta, hutaka mashine kubwa na trela nzito zaidi. Kwa watu sita kwenye ziwa dogo, pipa la tatu ni fahari tu.

## Hatua ya 3: Boriti na sakafu

Ukiwa bado chini, pima umbali kati ya boriti moja ya alumini na nyingine, katikati hadi katikati. Utakuta inchi 16 au 24. Zilizokaribiana hushika sakafu isinese na boti isipige kelele kwenye mawimbi. Angalia pia kama sakafu imefungwa kwa bolti na nati zilizopita hadi chini, au skrubu zilizochomekwa tu. Nati haing'oki yenyewe kirahisi.

Bati la kufunika tumbo la boti ni zuri: maji hayapigi boriti na mwendo unaongezeka kidogo. Lakini bati hilo pia huficha. Likiwepo, omba kumulika tochi kwenye uwazi wowote.

Panda juu, uvue viatu. Tembea kwa kisigino kwenye mageti, kuzunguka miguu ya usukani, na nyuma kabisa mbele ya mashine. Sakafu nyingi ni plaiwudi, na plaiwudi huoza palipotobolewa. Ikibonyea chini ya kisigino, gharama yake ni kung'oa uzio, viti na zulia vyote.

## Hatua ya 4: Mashine, bila kushtuliwa na namba

Farasi 115 dhidi ya 90 ndicho kilichomteka shemeji. Kabla hujatekwa, jua kwamba farasi nyingi hazina maana ya mashine kubwa zaidi. Mashine za kampuni ya Mercury za farasi 75, 90 na 115 za siku hizi zinatumia bloku moja ya lita 2.1, na uzito wake unakaribiana. Tofauti utaiona kwenye mwendo wa juu na wakati wa kunyanyuka ukiwa na mzigo.

Kwa matembezi na uvuvi wa watu tisa, 90 inatosha. Kwa kuvuta watoto kwenye boya la mpira, itakuchosha. Jibu swali hilo kwanza: utavuta au hutavuta?

Jambo ambalo wengi hawaliulizi ni gia ya chini. Baadhi ya mashine zina sanduku kubwa la gia na pangaboi pana kwa ajili ya boti nzito. Mercury huliita Command Thrust. Pantoni ni boti nzito isiyo na haraka, na pangaboi pana huishika vizuri hasa unaporudi nyuma gatini upepo ukiwa ubavuni. Ningechukua 90 yenye gia hiyo kuliko 115 isiyo nayo.

Fanya haya, kwa mpangilio huu:

1. Fika mashine ikiwa baridi. Weka mkono juu ya kifuniko. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiamsha, na hutajua inavyoamka asubuhi.
2. Omba ruhusa ya kulegeza skrubu ya chini ya sanduku la gia, utoe matone machache. Mafuta yakiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia.
3. Iwashe ikiwa ndani ya maji au imeunganishwa na bomba la maji lililofunguliwa. Mkondo wa maji nyuma yake uwe na nguvu, usiokatika.
4. Omba saa za mashine kwenye kompyuta yake, usitegemee mshale wa kwenye usukani.
5. Lipa fundi apime mgandamizo wa silinda. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, funga daftari.

Uliza pia petroli ya majira ya baridi. Ya kawaida ina ethanoli, hunyonya unyevu ikikaa miezi. Minnesota inauza petroli isiyo na ethanoli kwa ajili ya boti, na mwenye boti mwangalifu atakutajia hata kituo anakoinunua.

Mafuta ya gia ya Kijivu yalitoka na weupe kidogo. Nitarudi hapo.

## Hatua ya 5: Kaa kama mvuvi, kisha kaa kama bibi

Chukua fimbo ya kuvulia na usimame kila kona ya boti. Rusha mkono kana kwamba unatupa ndoano. Fimbo ikigonga turubai la kivuli, jua kwamba utavua juani, maana utalazimika kulikunja. Huo si ubaya: turubai lililofunguliwa ni tanga, na pantoni tayari ina ubavu mpana unaochukua upepo.

Bluu ilikuwa na viti viwili vya kuvulia, vyote tezi, kando ya mashine. Mpango huo unafaa kama unavua wewe na mtoto mmoja. Kijivu ilikuwa na vinne, kila kona kimoja. Watu wanne wanavua bila kupishana nyuzi, lakini hakuna pa kujinyoosha.

Angalia tangi la samaki hai lilipo, na kama lina pampu ya hewa. Angalia geti la ubavuni: samaki akija, utamwinua na wavu hapo au juu ya uzio? Uliza pia kama omo ina nafasi na nyaya za mashine ndogo ya umeme. Ndiyo itakayokushikilia mahali pamoja upepo ukivuma, maana ukimtafuta samaki wa walleye huku boti inapeperuka, unatembea tu.

Sasa rudi gatini, upande kama mama mkwe mwenye goti bovu. Pengo kati ya gati na geti ni la ukubwa gani? Kuna pa kushika? Kivuli kinafika kwenye kiti chake? Ngazi ya kuogelea inashuka vidato vingapi? Yenye viwili tu huwatesa watu wazima.

Onyo, na hili sitalilegeza: sehemu ya jukwaa iliyo nje ya geti la mbele si kiti. Mtu akikaa pale miguu ikining'inia, boti ikapunguza mwendo ghafla, anaanguka mbele ya mapipa, na boti inapita juu yake pangaboi likiwa linazunguka. Funga geti kabla ya kuondoka, kila safari. Geti lenye kitasa kinachofunguka kikisukumwa na goti la mtoto ni sababu ya kuikataa boti au kubadilisha kitasa siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 6: Gari litavuta?

Jumlisha: boti 2,200, mashine 360, petroli 150, vitu 150, trela karibu 1,000. Ni pauni 3,860. Toyota Sienna, gari la nusu ya Waswahili ninaowajua hapa, inaruhusiwa kuvuta 3,500. Highlander ya petroli yenye injini ya V6 ni 5,000. Soma kitabu cha gari lako, si la jirani.

Trela yenye uzito wa pauni 3,000 au zaidi ikiwa na mzigo inatakiwa kuwa na breki Minnesota. Boti nyingi ni za upana wa futi 8.5, ambao ndio mwisho wa barabarani bila kibali maalumu. Trela yenye mbao ndefu za kulalia mapipa ni tulivu zaidi kwenye barabara kuu kuliko ile nyembamba ya kunyanyua katikati.

Kama boti itakaa gatini msimu mzima, hatua hii ipite haraka.

## Hatua ya 7: Majini, na mzigo

Muuzaji atakupeleka majini mkiwa watatu, asubuhi, ziwa limelala. Boti yoyote ni tamu hivyo.

Zile ndoo sasa. Ndoo ya galoni 5 ikijaa maji ni karibu pauni 42. Nne ni mtu mzima mmoja. Jaza za watu wasiokuja, uzipange kwenye viti vyao, si zote katikati. Sisi tulikuwa watu wanne, na ndoo kumi na mbili zikakaa kwenye makochi kama wageni. Mwenye boti alicheka, kisha akaanza kuuliza maswali mwenyewe. Ukimaliza, zimwage hapo hapo ziwani. Maji ya ziwa hayaendi barabarani.

Jaribu haya, boti zote mbili, siku yenye upepo kiasi ikiwezekana:

1. Imesimama. Tazama pua za mapipa kutoka gatini. Zinatazama juu kidogo au zimelala? Hamishia watu wote omo, tazama tena.
2. Kunyanyuka. Sukuma gesi yote, hesabu sekunde hadi boti itulie kwenye mwendo wake. Soma mizunguko ya mashine: isipofikia kiwango kilichoandikwa kitabuni, pangaboi si lake au imezidiwa.
3. Wimbi. Vuka mkondo wa boti nyingine kwa pembe, mwendo wa wastani. Kisha punguza gesi taratibu, mtazame mtu aliyekaa mbele. Usirudie kosa langu la kuiachia ghafla.
4. Kona. Kata kushoto na kulia. Boti ya mapipa mawili huegemea nje kidogo, ni tabia yake. Isiteleze kando.
5. Mwendo wa kuvulia. Dakika kumi za taratibu dhidi ya upepo. Hesabu unarekebisha usukani mara ngapi.
6. Gati. Rudi mwenyewe, usimwachie muuzaji. Mara mbili.

Bluu ilinyanyuka upesi, na kwa mwendo wa juu iliishinda Kijivu waziwazi. Lakini watu na ndoo walipohamia mbele, pua zake zilibaki na upana wa kiganja juu ya maji. Kwenye wimbi la tatu tulipata mchirizi chini ya geti. Dada, aliyekuwa amekaa pale, alinyanyua miguu, akasema, "Hii ndiyo ya viatu?" Habari za Mille Lacs anazijua.

Kijivu ilinyanyuka kwa kujivuta, kama daladala yenye abiria mlangoni, ila ilipotulia ilitulia. Omo ilibaki kavu.

Ufanisi: kila mtu aliyekaa mbele amerudi na soksi kavu, na wewe umeweza kufunga gatini bila mtu kukushikia kamba.

## Hatua ya 8: Karatasi na namba

Boti ina namba yake ya herufi na tarakimu 12. Itafute tezi, upande wa kulia; kwenye pantoni mara nyingi iko kwenye boriti ya nyuma. Chukua mfano ABC12345D919. Tatu za mwanzo ni mtengenezaji, tano zinazofuata ni za boti yenyewe. D ni mwezi wa nne, 9 ni 2019, na 19 ya mwisho ni mwaka wa modeli. Muuzaji akisema "ya 2021" na namba inasema 19, mmeshamaliza mazungumzo ya bei.

Hapa Minnesota boti ya namna hii, yenye urefu zaidi ya futi 16, huwa na hati ya umiliki. Linganisha namba na hati, herufi kwa herufi, na uone kama kuna benki iliyoandikwa kuwa inadai. Trela ina karatasi zake. Mashine nayo ina namba yake, ipige picha.

Vya sheria kwa ufupi: jaketi okozi moja kwa kila mtu, inayomtosha; mtoto wa chini ya miaka 10 aivae boti ikiwa inakwenda; boya moja la kurusha; kizima moto ambacho hakijapita muda. Tangu Julai 2025 vijana waliozaliwa 1 Julai 2004 au baadaye wanahitaji kibali cha kuendesha, na kundi hilo linapanuka mwaka hadi mwaka hadi 2028. Kabla ya kuondoka kwenye mteremko wa kushushia boti, ng'oa vizibo vya kutolea maji na umwage tangi la samaki. Kome wadogo wenye mistari kama pundamilia (zebra mussels), wavamizi wa maziwa, husafiri humo, na faini ipo.

## Hatua ya 9: Bei ya kuondoka nayo, kisha uamuzi

Omba namba moja tu: nalipa ngapi mpaka boti iko nyuma ya gari langu. Kwa boti ya dukani, ndani yake kuna usafirishaji, maandalizi, trela, turubai la kufunikia na kodi. Kodi ya mauzo ya jimbo peke yake ni asilimia 6.875, yaani dola 2,750 kwa boti ya dola 40,000. Nimeona tofauti ya bei kati ya boti mbili ikimezwa yote na turubai lisilokuwepo.

Majedwali ya alama siyapendi. Makochi hupata alama nyingi kila mara, kisha yanaishinda sakafu iliyooza. Mimi huuliza matatu, kwa mpangilio: Inabeba watu wetu tisa omo ikiwa kavu? Chini na sakafu ni salama? Mashine ni safi? Jibu la "hapana" likitokea, boti imetoka. Zikibaki zote mbili, hapo ndipo chagua kwa viti, rangi, hata redio.

Bluu ilitoka kwenye swali la kwanza. Kama wangekuwa watu watano, ningemwambia aichukue, na watoto wangevutwa kwenye boya kwa raha zao. Kijivu ilikwama kwenye la tatu, kwa yale mafuta ya gia. Hilo linatengenezeka: fundi alibadilisha sili za gia kwa gharama ya muuzaji, ikaandikwa kwenye mkataba, na shemeji akabakiza sehemu ya malipo mkononi. Wakaenda ziwani, wakaiendesha saa nzima na ndoo zetu, wakarudi gatini na kulegeza skrubu tena. Mafuta yalitoka safi. Akamalizia kulipa pale pale mteremkoni, na dada akaenda kutafuta vitambaa vya kuvalisha vile viti vilivyopauka.